Polima za sola: asilimia zimepanda, miaka je?

Mwaka 2010 maabara ya Luping Yu, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Chicago, ilitoa taarifa ya polima (molekuli ndefu kama mnyororo, jamii ya plastiki) inayoitwa PTB7. Seli ya sola iliyotengenezwa kwa polima hiyo iligeuza asilimia 7.4 ya mwanga kuwa umeme. Mnunuzi wa paneli dukani hawezi kustuliwa na namba hiyo, kwani paneli za silikoni siku hizi zimevuka asilimia 20. Kwa wanakemia ilikuwa habari kubwa. Polima waliyoitegemea kabla yake, P3HT, ilikuwa imegota kwenye asilimia 4 au 5 kwa miaka. Tangu hapo mbio za asilimia hazijapoa, na naona ni wakati wa kuuliza zimetupatia nini na zimetusahaulisha nini.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengi huiruka. Plastiki tuliyoizoea haipitishi umeme. Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walionyesha mwaka 1977 kwamba zipo polima zinazoweza kupitisha, wakatunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2000. Kwenye sola bado kulikuwa na kikwazo. Mwanga ukiigonga polima, elektroni huruka kutoka mahali pake, lakini haiachani na pengo ililoliacha. Jozi hiyo husafiri nanomita 10 hivi tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kisha elektroni hurudi ilikotoka na umeme haupatikani. Ndiyo sababu polima huchanganywa na mpokeaji wa elektroni, ambaye kwa muda mrefu alikuwa fulereni, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira. Kuviweka kimoja juu ya kingine hakutoshi. Huvurugwa pamoja kama mseto wa mchele na choroko, ili popote mwanga utakapotua, mpokeaji awe jirani.

Hapo ndipo ufundi wa Yu na wanafunzi wake ulipoonekana. Walijenga mnyororo wa vipande viwili vyenye salfa vinavyopokezana, kimoja kikitoa elektroni kwa urahisi na kingine kikizivuta. Polima ikaweza kukamata mwanga mwekundu ambao P3HT iliuacha upite. Kisha wakapachika atomu moja ya florini katika kila kipande kinachojirudia, na volti ikapanda. Atomu moja tu, mahali palipochaguliwa kwa hesabu. Hii ni kemia ya kuvutia, na sioni haya kuisifu.

Utengenezaji wake nao unaeleza kwa nini watu wameipenda. Mtafiti huingiza mikono kwenye glavu nene za mpira zilizofungwa kwenye kisanduku kilichojaa nitrojeni. Huweka kijipande cha kioo juu ya kisahani, hudondosha mseto huo ukiwa wino wa buluu iliyokolea, kisahani kinazunguka kwa kasi, na kufumba na kufumbua utando wa nanomita 100 hivi umetanda. Hakuna tanuri. Silikoni, kwa upande wake, huyeyuka kwenye nyuzi 1,414 za Selsiasi. Wino huu unaweza kuchapwa kama gazeti, juu ya plastiki inayokunjika.

Watetezi wana hoja nzito zaidi ya hiyo. Mwaka 2019 Yingping Zou na wenzake wa Changsha, China, walitoa mpokeaji mpya, Y6, aliyechukua nafasi ya fulereni. Akichanganywa na polima ya PM6 alifikisha asilimia 15.7, na leo maabara kadhaa zinagusa 20. Ndani ya PM6 mna kipande kilekile cha kutoa elektroni kilichokuwa kwenye PTB7. Kwa hiyo anayesema kazi ya Chicago ilipitwa na wakati ajue kwamba warithi wake wamejengwa juu ya mifupa yake.

Lakini itoe PTB7 nje ya kisanduku. Mwanga na oksijeni vikikutana juu yake, rangi huanza kupauka, na rangi hiyo ndiyo iliyokuwa inakamata mwanga. Kuna jambo linaloniumiza zaidi. Ili mseto ukae vizuri, watafiti waliongeza asilimia 3 hivi ya kimiminika kingine chenye iodini. Ufanisi ukapanda sana. Baadaye ikabainika kuwa masalia yake yakibaki kwenye utando huharakisha uharibifu wa polima chini ya mwanga. Kilichopandisha asilimia ndicho kilichopunguza umri, na kwa muda mrefu majarida yalihesabu asilimia peke yake, tena kwenye seli yenye ukubwa wa milimita za mraba chache.

Soko halikusubiri. Konarka, kampuni ya Massachusetts ambayo Heeger alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilinunua mitambo ya iliyokuwa karakana ya Polaroid, kampuni ya kamera, ili kuchapa sola za plastiki. Ilifilisika mwaka 2012. Wakati huohuo silikoni ilikuwa ikiporomoka bei, kutoka takriban dola 2 kwa wati mwaka 2010 hadi senti 20 hivi mwaka 2020, ikiwa na dhamana ya miaka 25.

Kwa hiyo hoja ya urahisi wa bei, iliyokuwa nguzo ya utafiti huu, kwangu imeanguka. Siwezi kumwambia mama wa Handeni anayelipia sola yake kidogo kidogo kwa simu aisubiri plastiki. Deni lisiwe na maisha marefu kuliko paneli.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka utafiti ufungwe. Paneli ya kawaida ya kioo ina uzito wa kilo 20 au zaidi, na yapo mapaa yasiyoubeba. Kampuni ya Heliatek ya Dresden, Ujerumani, inauza utando wa kubandika, ingawa wao hutumia molekuli ndogo badala ya polima. Epishine ya Linköping, Sweden, hutengeneza seli za kunasa mwanga wa taa ndani ya nyumba, na huko mkemia ana faida, kwa sababu anaweza kuipanga molekuli ifuate rangi ya taa. Huko seli haipambani na mvua wala jua la mchana.

Na Afrika haimo humu kama mnunuzi tu. Wendimagegn Mammo wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa amebuni polima za aina hii pamoja na Waswidi. Daniel Egbe, Mkameruni na mkemia wa polima aliyefanya kazi Linz, Austria, alianzisha ANSOLE, mtandao wa Afrika wa nishati ya jua. Watu wa kuuliza swali la umri wapo. Taratibu za kupima uimara wa seli hizi watafiti walikubaliana tangu mwaka 2011. Kinachokosekana ni majarida kuzifanya sharti, kila asilimia ichapishwe na saa zake chini ya mwanga. Tena seli zipimwe juu ya bati la Tanga, penye unyevu na chumvi ya bahari, kuanzia masika moja hadi masika ya pili, na utando utakaoshushwa kutoka paani ukiwa bado buluu ndio uandikiwe makala.