Mwacheni Bundi Alale

Jana nimemkuta mtu mzima, kamera shingoni yenye lenzi ndefu kama mkono wangu, anapiga makofi chini ya mti. Juu yake bundi kajibanza kwenye shina, macho nusu kayafumba, na bwana mkubwa anataka ayafungue "picha ipate uhai". Bundi akayafungua. Kisha akaruka. Hata hajatua vizuri, ndege wadogo walishamwona na kuanza kumzomea kutoka kila tawi. Hongera, bwana. Picha umepata?

Kisingizio ni kilekile: kivulini hakuna mwanga, lazima umsogeze. Mwanga upo! Ni hafifu tu, na ni mtulivu kuliko jua la saa sita linalopenya majani na kumwachia ndege madoa meupe usoni. Isitoshe, bundi aliyelala hana safari. Sasa kuiachia kamera 1/500 ya sekunde tu ya kuingiza mwanga, ya nini? Funga kamera kwenye tripodi, shuka mpaka 1/60, hata 1/30, subiri upepo utulie, piga mfululizo. Juzi nilikaa saa nzima na ushei, 1/40, uwazi wa lenzi f/5.6, ISO (yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600. Picha thelathini hivi zilitoka ukungu mtupu. Moja ilitoka safi: unaona kila unyoya wa kifuani, na kwenye ule ufa mwembamba wa jicho, nukta ya anga.

Haya, ISO ikipanda chengachenga zinakuja kwenye picha, nakubali. Majani nayo humpaka ukijani kama mgonjwa. Hilo utalirekebisha nyumbani. Ila pima mwanga kifuani mwake, maana ukipima na anga iliyo nyuma ya matawi utarudi na kipande cha giza chenye umbo la bundi.

Flashi? Usinianzishe. Wale wa kuchezesha milio iliyorekodiwa ili ajitokeze, nanyi pia.

Macho ya bundi hayazunguki tunduni, ndiyo maana anageuza kichwa kizima, hadi nyuzi 270. Kwa hiyo akikugeuzia uso mara moja, kakuona. Akianza kukufuata kila unapohama, macho kayatoa, mwili kaukaza, huyo anakufukuza. Rudi nyuma.

Yule wa makofi akaniuliza kama namjua bundi mwingine karibu. Namjua, analala si mbali na pale. Nikamwambia mimi mgeni hapa.