Kipimo cha jeni kwenye mkojo: je, kitaiona saratani ya kibofu ya Tanga?

Aliyeondolewa uvimbe wa saratani kwenye kibofu cha mkojo haagani na hospitali. Hata ugonjwa ukikamatwa mapema, kabla haujazama kwenye msuli wa kibofu, kurudi kwake ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mwenye hatari kubwa huingizwa kamera kupitia njia ya mkojo kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6, halafu kila mwaka. Kwa mzee wa Pangani au Mkinga, rufaa ikishavuka Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, maana yake ni Dar es Salaam: kilomita kama 350 kutoka Tanga mjini, nauli ya watu wawili, mahali pa kulala, na shamba lililoachwa bila mtu.

Ndiyo maana vipimo vya jeni kwa mkojo vinastahili kusikilizwa. Seli za utando wa kibofu hubanduka na kutoka na mkojo. Uvimbe ukiwapo, nao humwaga seli na DNA yenye hitilafu zake, kwa mfano kwenye jeni za TERT na FGFR3. Kuna wagonjwa ambao kamera haikuona kitu lakini mkojo ukaonyesha alama, na baadaye uvimbe ukajitokeza. Hapo ndipo ilipotoka hoja kwamba mkojo unaweza kutabiri saratani kabla kamera haijaiona.

Linalonivutia zaidi ni GeneXpert, mashine ileile inayopima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu nchini. Imetengenezewa pia katriji ya kufuatilia saratani ya kibofu, inayosoma nakala za jeni 5 na kutoa majibu ndani ya saa mbili hivi. Lakini kuwa na mashine si kuwa na kipimo. Katriji hiyo ina bei yake, na bajeti ya kifua kikuu haiwezi kutarajiwa kuibeba.

Wanaosita wana hoja nzito. Vipimo hivi hupitwa zaidi na vivimbe vidogo vya daraja la chini. Uambukizi wa njia ya mkojo unaweza kuvuruga baadhi yake, na hata dawa ya BCG inayowekwa kibofuni kuzuia saratani isirudi. Majibu yakisema ipo, kamera haiepukiki. Yakisema haipo, mgonjwa wa hatari kubwa bado hana ruhusa ya kuiacha.

Mimi nina hoja nyingine, nayo ni kichocho. Ukanda huu wa pwani, Muheza ikiwamo, umeishi nacho miaka mingi. Kijana akikojoa damu, wapo wanaoona ni sehemu ya kukua. Tangu 1994 minyoo inayoleta kichocho imetambuliwa rasmi na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Saratani inayoletwa na kichocho mara nyingi ni ya seli bapa, wakati vipimo vingi vya mkojo vilitengenezwa na kujaribiwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ambako aina nyingine, ya seli za kawaida za utando wa kibofu, ndiyo imetawala na sigara ndiyo chanzo kikuu. Tena hii ya kwetu mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshaingia msulini, na hapo mazungumzo ni ya kutoa kibofu chote. Kipimo cha kufuatilia vivimbe vidogo humkuta mgonjwa huyo amechelewa.

Misri imeonyesha kwamba hali hubadilika: kichocho kilipodhibitiwa, saratani ya seli bapa ilipungua na ile aina nyingine ikashika nafasi kubwa. Nasi tukienda njia hiyo, kipimo cha mkojo kitapata watu wa kuwasaidia.

Kwa hiyo sikikatai. Naunga mkono kianzie kwa wagonjwa wa hatari ndogo, ili safari za kamera zipungue bila kufutwa, na mkojo wao upimwe sambamba na kamera kabla yeyote hajaamini majibu peke yake. Waliougua kichocho wahesabiwe kando. Lakini shilingi ikiwa moja, mimi ningeipeleka kwanza kwenye zahanati ya kijiji, ili mtu mzima anayekojoa damu apimwe kichocho, apewe prazikwanteli akikutwa nacho, na damu isipokoma aandikiwe rufaa wiki hiyohiyo badala ya kurudishwa nyumbani na antibayotiki kwa mara ya tatu.