Kabla ya kuikarabati TAZARA, tuipimie milima

Wachina walianza kuipima ardhi ya Fenghuoshan, kwenye nyanda za juu za Tibet, mwaka 1961. Walijenga kituo kidogo cha utafiti mahali ambapo hewa ni haba na pumzi hukata upesi, wakachimba mashimo, wakatumbukiza vipimajoto, wakaanza kuandika. Reli iliyokusudiwa kupita pale haikuanza kujengwa hadi 2001. Katikati ya miaka hiyo walikuja huku kwetu, wakaijenga reli ya TAZARA yote, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, wakaikabidhi mwaka 1976 na kurudi kwao. Kule Fenghuoshan wenzao walikuwa bado wanaandika namba.

Nalisema hili sasa kwa sababu TAZARA inakwenda kukarabatiwa. Mkataba wa takriban dola bilioni 1.4 ulitiwa saini mwaka 2025, na kampuni ya Kichina imekabidhiwa reli hiyo kwa miaka 30, ukarabati ukiwemo. Hapa Mbeya nasikia watu wakizungumzia vichwa vipya vya treni, mabehewa, mwendo, shaba ya Zambia na ajira. Yote ni mambo ya maana. Lakini sijasikia mtu akiulizia ardhi iliyo chini ya mataluma, na mimi naona hilo ndilo lilipaswa kutangulia.

Kwanza tuone wenzetu walipambana na nini. Sisi wa Makete, Kitulo na Njombe tunaijua baridi: Juni na Julai unaamka unakuta sakitu imetanda, majani ya viazi yameungua, na jua likishapanda mambo yamekwisha. Baridi yetu haizami ardhini. Tibet, Siberia, Alaska na kaskazini mwa Kanada udongo wenyewe umeganda mita nyingi kwenda chini, kiangazi na kipupwe, mwaka hadi mwaka, na ndani yake mna matabaka ya barafu tupu. Ukiwa umeganda hivyo unabeba treni bila wasiwasi. Barafu ikiyeyuka, udongo unakuwa tope, unanywea, na reli inazama upande mmoja. Mjenzi naye huongeza tatizo kwa mikono yake, maana akishakwangua majani na kumwaga tuta, jua linaipasha ardhi kuliko lilivyokuwa likiipasha zamani. Kisha juu ya hayo yote dunia nzima inazidi kupata joto.

Reli ile iliyopita Fenghuoshan, ya kutoka Golmud hadi Lhasa, ina kilomita 1,142, na kama 550 kati ya hizo zimepita juu ya ardhi ya namna hiyo. Karibu nusu ya ardhi hiyo haijafikia hata nyuzi 1 chini ya sifuri, yaani joto likipanda kidogo tu inaanza kulegea. Wahandisi waliamua kuipoza. Mahali pengine walijenga tuta la mawe makubwa yenye nafasi katikati. Wakati wa baridi hewa ya nje, kwa kuwa ni nzito, inazama kwenye nafasi zile na kuitoa hewa yenye joto. Wakati wa joto hewa ya nje ni nyepesi na haishuki, kwa hiyo ubaridi unabaki humo humo. Kwingine walisimika kando ya reli mabomba ya chuma yaliyozibwa, yenye amonia ndani. Joto dogo la ardhini linaichemsha amonia, mvuke wake unapanda, unakutana na baridi ya nje, unarudi kuwa majimaji na kuteremka tena, kama mvuke unavyogonga mfuniko wa sufuria na kudondoka. Kila mzunguko unatoa joto kidogo ardhini, bila umeme na bila pampu. Palipokuwa pabaya zaidi waliipitisha reli juu kwa juu: daraja la Qingshuihe lina zaidi ya kilomita 11, na sehemu kubwa ya urefu huo haivuki mto wowote, inavuka udongo ulioganda.

Reli ikafunguliwa Julai 2006. Kwenye ardhi iliyoganda treni hazizidi kilomita 100 kwa saa, na vipimo vinaendelea, kwa sababu bomba la amonia linahitaji baridi ya nje ili lifanye kazi, na baridi hiyo inapungua. Hakuna aliyetangaza kwamba kazi imekwisha. Bomba liende kina gani, tuta liwe na mawe ya ukubwa gani, wapi paruke kwa daraja: majibu ya maswali hayo yalitoka kwenye madaftari ya miaka 40.

Sasa turudi kwetu. Huku hakuna barafu ya kuyeyuka, ila tuna maji, nayo kwenye milima yetu yanaweza kufanya kazi ile ile. TAZARA inatoka bonde la Kilombero, inaanza kupanda Mlimba kuelekea Makambako, na hapo ndipo pana mahandaki mengi, madaraja marefu na magema yaliyochongwa ili reli ipate pa kupita. Daraja la Mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za takriban mita 50. Baadaye reli inafika Uyole, mlangoni mwa jiji la Mbeya, na hapo ndipo kilele chake, karibu mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Waliochora njia hiyo walikuwa hodari, nami nawaheshimu kwa dhati. Lakini waliichora kwa mvua za kabla ya 1970, na upana wa kila kalvati ulipangwa kwa maji ya enzi hizo.

Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Huo mvuke lazima ushuke, na ukishuka kwa mkupuo juu ya mteremko uliokwisha kulimwa hadi kileleni, maji yanajaa ndani ya udongo, udongo unakuwa mzito na kukosa mshikamano. Watu wa Itezi hapa Mbeya hawahitaji kufundishwa hili. Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetere iliporomoka na tope likafunika nyumba zao. Wanaosafiri kwa Reli ya Kati nao wanakijua kipande cha Kilosa hadi Gulwe na ukorofi wa Mto Mkondoa.

Karibu na ninapoishi kuna kalvati la barabara ambalo nalitazama kila mvua ikikatika. Mdomo wake wa juu umezibwa zaidi ya nusu kwa mchanga, mabua ya mahindi na chupa za plastiki. Maji yamekosa njia, yakatafuta ubavuni, yakala udongo kidogo kidogo mpaka sasa ukiinama unaona chini ya zege kuna uwazi wa kuingiza mkono hadi begani. Juu yake lami ni safi na bajaji zinapita. Dereva hawezi kujua. Na hakuna mahali palipoandikwa uwazi ule ulianza lini, unakua kwa kasi gani, mvua ya kiasi gani inauongeza. Siku likikatika litaitwa janga la asili.

Kuna mji mdogo kaskazini mwa Kanada unaitwa Churchill, haufikiki kwa barabara, na reli yake imepita juu ya ardhi iliyoganda na madimbwi. Mwaka 2017 mafuriko yaliikata reli hiyo sehemu nyingi, na treni zikarudi mwishoni mwa 2018. Muda wote huo chakula kilikuja kwa ndege au kwa meli, na bei zikapanda. Kanada ni nchi tajiri. Nikiusoma mkasa ule nawafikiria watu wa vijiji vya kati ya Mlimba na Makambako, ambao treni ya kawaida ndiyo inawapeleka hospitali na kuwabebea ndizi na mpunga wao sokoni.

Najua nitaambiwa kwamba vipimo ni anasa ya matajiri. Mwaka 1961 China ilikuwa inatoka kwenye njaa iliyoua mamilioni ya watu, na mwaka huo huo ndio walianza kupima Fenghuoshan. Kipimamvua ni chombo cha bei ndogo. Kinachotugharimu ni kukosa mtu wa kukisoma kila asubuhi na mahali pa kutunza alichokisoma.

Kwa hiyo naomba hivi, na ningependa wabunge wa Mbeya, Njombe, Iringa na Morogoro wakalisemee bungeni. Katika fedha za ukarabati litengwe fungu la kupima ardhi, lenye jina lake, lisiloweza kuhamishiwa kwenye rangi za stesheni. Vipimamvua viwekwe juu kwenye miteremko, kule mvua inakoanzia. Vichimbwe visima vyembamba vya kuonyesha maji yamepanda kiasi gani ndani ya magema, na ziwekwe alama za kuonyesha kama mlima unasogea. Kila kalvati liwe na namba na faili lake. Mamlaka ya Hali ya Hewa, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyopo Iringa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) wapewe takwimu hizo bila kuziombea kibali, na wanafunzi wa uhandisi wa MUST wafanyie mafunzo yao huko huko relini.

Na wazee waliofanya kazi ya njia wahojiwe mapema. Wapo ambao wanaweza kukuambia bila kufungua karatasi ni kilomita ipi tuta huzama kila masika na ni handaki lipi huvuja. Wengi wamestaafu. Waanze nao kipande cha Mlimba hadi Makambako, na vyombo vya kwanza viwe vimesimikwa kabla mvua za Novemba hazijaanza.