Mkono, Sponji na Shemeji

Maji yakinuka kwenye gari-nyumba, hakuna wa kumsingizia. Hakuna idara ya maji ya kuipigia simu ukafoka, hakuna mwenye nyumba wa kumgongea mlango. Tangi ni lako, mabomba ni yako, na uvundo ni wako.

Letu lilikuwa limeegeshwa msimu mzima na maji yake tumboni. Kila mwenye gari la namna hii atakwambia umwage maji kabla hujaliegesha, nami nilikuwa nalijua hilo vizuri. Ila siku ile mvua ilikuwa inanyesha, na valvu ya kumwagia iko uvunguni.

Basi tukaenda kulizindua kwenye uwanja wa kambi. Mke wangu akafungua bomba la sinki ajaze birika. Bomba likakohoa, likatema hewa, likakohoa tena, kisha likatoa kitu. Nasema kitu kwa sababu maji hayana nyuzi. Kilining'inia mdomoni mwa bomba, kijani-kijani, kikajinyoosha taratibu bila haraka yoyote, kikadondokea ndani ya birika. Mke wangu akatazama birika. Akanitazama mimi. Akalichukua birika kwa ncha za vidole, akatoka nalo nje, akaliweka kwenye nyasi mbali kabisa na gari.

"Usiniambie ni kutu," akasema.

Mtu mwenye akili zake angenunua maji ya chupa akanyamaza. Mimi nikampigia simu shemeji.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa kila kitu ambacho hajawahi kukishika. Alifika na mkoba wa bisibisi, akalizunguka gari mikono nyuma, akaligonga tangi kwa kidole akisikiliza, akatikisa kichwa.

"Shem, hii ndogo sana hii."

Na kwa haki, mwanzo tulienda vizuri. Ule utelezi uliotoka bombani si uchafu wa kawaida. Ni utando wa bakteria waliojijengea mtaa wao ukutani mwa tangi, na ukimwaga klorini juu yake wanakufa wa juu, wa chini wamejifunika wanakusubiri uondoke. Kwa hiyo kwanza unasugua, halafu ndipo unatia dawa. Tukafungua valvu, tukamwaga maji yote. Tukazima heta ya kuchemshia maji. Tukatoa chujio la mkaa, maana mkaa huimeza klorini na dawa yako inakuwa imepotea njiani. Tangi letu ni la lita 100, hivyo nikapima mililita 100 za jiki ya asilimia 5, isiyo na manukato. Mililita moja kwa kila lita inakupa miligramu 50 za klorini kwa lita. Hicho ni kipimo cha kuulia vijidudu kwenye mabomba, si cha kunywa, na baada ya saa chache unakimwaga chote na kusuuza. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi. Kwenye karatasi hapakuwa na shemeji.

Tangi lenyewe liko chini ya kiti cha mezani. Unaondoa godoro, unainua ubao, unakutana na kifuniko cha kuzungusha, na chini yake kuna tundu ambalo aliyelibuni bila shaka hakuwa na mikono. Shemeji akajaribu wake. Huwa ananyanyua vyuma. Ukaishia kwenye kiwiko.

"Shem, hapa anatakiwa mtu mwembamba," akasema, na wote wawili tukajua anamsema nani.

Nikavua shati, nikalala kifudifudi juu ya ubao, nikazamisha mkono na sponji mpaka kwapani, shavu limebanwa kwenye mbao. Huko ndani ukuta wote unateleza. Nikasugua chini, nikasugua pembeni, nikafika kona ya mbali, nyuma ya bomba linalonyonyea pampu. Pale vidole vyangu vikakutana na donge laini, nene, lenye baridi yake peke yake, ambalo ukiligusa linajikunyata. Sitalieleza zaidi. Nikalikumba lote kwa sponji, nikakunja ngumi, nikavuta.

Mkono haukutoka.

Nikavuta tena. Ukingo wa tundu ukanibana juu kidogo ya vidole, hapo hapo.

"Umenasa," akasema shemeji, kwa sauti ya mtu aliyepata kazi.

"Sijanasa. Nimekwama kidogo."

"Usivute, shem. Ukivuta unavimba, ukivimba ndiyo basi." Akachuchumaa akanichungulia. "Tangi ni la plastiki. Ninayo misumeno."

Nikamwambia akigusa msumeno nitamwambia dada yake. Akafikiri. Kisha uso ukamng'aa.

"Utelezi! Tunachotaka hapa ni utelezi!"

Nikamkumbusha kwamba utelezi ndio uliotuleta hapa tangu mwanzo, lakini alishafika kwenye sinki. Alirudi na chupa mpya ya sabuni ya vyombo, ile nzito ambayo tone moja linaosha sufuria la harusi. Akaigeuza kichwa chini begani kwangu, akaiminya. Ikateremka baridi, begani, kiwikoni, ikazama tunduni. Akaminya tena. Nikavuta. Akanikumbatia kiunoni, akavuta na yeye. Tukavuta kwa kuhesabu, moja, mbili, tatu, tukihema, magoti yakiteleza sakafuni, na chupa ikaanza kutoa ule mlio wa aibu wa chupa inayokaribia kwisha.

Mke wangu akatokea mlangoni. Alichokiona ni mumewe kifua wazi amelala juu ya kiti, mdogo wake amemng'ang'ania kwa nyuma, na wote wawili wanang'aa kwa sabuni. Hakuuliza tunafanya nini. Nadhani aliogopa tutamjibu.

"Humo ndani umeshika nini?"

"Sponji."

"Iachie."

Nikaiachia. Mkono ukatoka.

"Ndiyo nilikuwa nataka kusema," akasema shemeji.

Sponji tuliitoa kwa koleo la jikoni, pamoja na lile donge, na koleo likaenda kulala nje pamoja na birika. Nikauliza kuhusu sabuni iliyoingia mle ndani. Shemeji akanitazama kwa huruma.

"Shem, sabuni si uchafu. Sabuni ni kinyume cha uchafu."

Kwa uchovu ule, hoja ikaniingia. Tukafunga kifuniko, nikatia jiki kupitia mdomo wa kujazia, nikachomeka mpira na kuufungulia mpaka mwisho. Maji yakaingia kwa kishindo. Mtu yeyote aliyewahi kufungulia bomba juu ya beseni lenye sabuni anajua kilichokuwa kinaendelea mle ndani, isipokuwa sisi wawili.

Nikawasha pampu. Pampu hizi za volti 12 zina swichi ya presha: mabomba yakijaa na kufungwa, presha inapanda na pampu inajizima yenyewe. Isipojizima, ama pamevuja ama inavuta hewa. Yetu ikanguruma, ikaendelea kunguruma. Nikafungua bomba la baridi. Fffff! Povu. Si maji yenye povu. Povu tupu, jeupe, zito, linatoka kwa madaha na kujikunja sinkini. Nikafungua la moto ili mabomba yote yapate dawa. Likapumua hewa muda mrefu, heta ikijijaza lita zake 10, halafu nalo likaungana na mwenzake. Pampu ilikuwa inajaribu kupandisha presha ndani ya povu, na povu ni hewa iliyovaa nguo. Isingezima hata kesho.

"Zima!" nikapiga kelele.

"Nizime nini?" shemeji akajibu kutoka bafuni, ambako bomba la mvua lilikuwa limeanza kazi bila kuombwa, maana alikuwa amelifungulia mwenyewe.

Nje hali ilikuwa mbaya zaidi. Tangi lina kijibomba cha kupumulia kinachotokea uvunguni, na kwa kuwa mpira ulikuwa bado unajaza, povu lilikuwa limegundua njia. Lilitambaa kutoka chini ya gari mpaka kwenye magurudumu, likameza ngazi, likaanza safari ya kwenda kwa majirani. Mbwa wa jirani akalibwekea. Lilipokuwa halirudi nyuma akalivamia, akatoka upande wa pili mweupe, haoni, akapiga chafya na kwenda kulala chini ya meza ya mwenyewe. Mtoto mmoja akaja kuuliza kwa adabu kama anaruhusiwa kucheza. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, miguu juu, anasoma.

Hapo shemeji akapata wazo lingine. Akaja mbio na chupa ya siki.

"Siki inaua povu!"

Ni kweli, siki hupunguza povu. Lakini mle ndani mlikuwa na jiki, na jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ndani ya chumba cha gari haina utani hata kidogo. Nilimrukia. Tulianguka wote kwenye povu, chupa ikaruka nyasini, na kwa muda sikujua ni mguu wa nani niliokuwa nimeushika. Jiki huchanganywa na maji, basi. Hata sabuni haikupaswa kuwamo, ndiyo maana tulifungua madirisha yote na milango, tukakaa nje mpaka harufu ikapungua.

Kazi ya kutoa povu ndiyo iliyokula siku. Ukifungua valvu ya chini, maji yanatoka na povu linabaki juu linakuangalia. Ukijaza maji kwa nguvu, unalitengeneza upya. Tulifanya hivyo mara kadhaa kwa bidii kubwa, mpaka mke wangu akafunga kitabu.

"Zamisheni mpira mpaka chini kabisa, fungulieni kidogo, na muache tangi lifurike."

Tukauzamisha mpira kwa kupitia lile tundu. Maji yakapanda polepole bila kuvuruga, yakalisukuma povu mbele yake, nasi tukawa tunalikomba juu kwa bakuli na kulitupa nje kwa ndoo. Tukamwaga, tukajaza, tukamwaga. Povu likawa mapovu, mapovu yakawa vipovu, mwisho maji yakawa maji. Ndipo tukatia jiki tena, safari hii peke yake, tukaiacha saa 4, tukasuuza. Mabomba ya jikoni niliyasuuza mimi, la baridi tu kwa wakati ule, maana yale ya moto na bafu lote nilimkabidhi shemeji: afungue, asubiri mpaka harufu ya klorini iishe, afunge. Alirudi upesi kuliko nilivyotarajia.

"Tayari, shem. Safi kabisa."

Asubuhi tukawasha heta. Nikafungua bomba la baridi, nikanusa, nikaonja: maji hayana harufu, hayana ladha, hayana nyuzi. Mke wangu akakubali kulirudisha birika ndani baada ya kulichemsha. Shemeji akasema aliyefanya kazi kubwa ndiye aoge wa kwanza, akachukua taulo, akaingia bafuni huku anaimba.

Wimbo ukakatika katikati.

"Shem! Haya maji ya moto yamekuja na sabuni yake!"

Zile lita 10 za heta hazikuwa zimeguswa na mtu.

"Shem, macho! Macho yangu! Dada, niambie la baridi liko upande gani!"

Mke wangu akaweka kikombe mezani, akanyoosha mkono, akazima pampu.