Rush Limbaugh: anayemdai marehemu ajitokeze

Kwenye misiba yetu, kabla jeneza halijabebwa, ndugu mmoja wa marehemu husimama akasema maneno ambayo kila mtu anayajua kwa moyo. Marehemu alikuwa binadamu. Aliyekosewa naye, amsamehe. Anayemdai, awaone wenye msiba. Hakuna anayenuna wala anayeona maiti amevunjiwa heshima. Kwa Waislamu, imamu naye anaweza kugeuka akauliza, "Mlimjuaje?" na umati ukajibu, "Mtu mwema!", hata wale ambao wiki iliyopita walikuwa wakimkwepa njiani. Sifa na deni hutajwa mahali pamoja, wakati mmoja, na watu haohao.

Nimekuwa nikiukumbuka utaratibu huo kila ninaposoma marafiki wa Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa Marekani, wakimwenzi, na kila ninaposoma maadui zake wakimfukua. Kila upande umeshika nusu ya msiba.

Limbaugh alifariki tarehe 17 Februari 2021, akiwa na miaka 70, kwa saratani ya mapafu. Mkewe, Kathryn, ndiye aliyefungua kipindi siku hiyo na kuwaambia wasikilizaji. Kwa sisi tulio mbali jina lake halikuwa kubwa, maana sauti yake ilikaa ndani ya Marekani, kwenye masafa ya AM ambayo wengi walidhani yamekwisha kufa. Lakini kwa miaka 32, tangu Agosti 1988 alipoanza kurusha kipindi cha taifa kutoka New York, hakuna mtangazaji mwingine wa siasa za kihafidhina aliyemfikia. Kwa muda wa saa tatu kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, vituo zaidi ya 600, wageni wa nadra sana. Mtu mmoja, kipaza sauti, na simu za wasikilizaji. Mlango ulifunguliwa mwaka mmoja kabla, 1987, pale mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipoifuta kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni vitoe nafasi kwa pande zote katika mambo yenye mabishano. Baada ya hapo mwenye kituo aliweza kujaza mchana mzima na upande mmoja, na ikawa biashara: mwaka 2008 Limbaugh alitia saini mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 400.

Nianze na rafiki, kwa sababu rafiki ndiye hudharauliwa haraka katika mijadala ya namna hii. James Golden, ambaye wasikilizaji walimjua kwa jina la Bo Snerdley, ndiye aliyepokea simu za kipindi na kuamua ipi ipite hewani. Walikuwa pamoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Golden ni mtu mweusi, na kila Limbaugh alipoitwa mbaguzi yeye alisimama akasema hapana, simjui mtu huyo mnayemsema. Ninayemjua mimi ni mkarimu, mpole, mwenye kukumbuka watu. Kuna wanaomcheka kwa hilo. Mimi simcheki. Mtu uliyefanya naye kazi miaka thelathini chumba kimoja unamjua kwa namna ambayo msikilizaji hamjui, na mpinzani hamjui kabisa.

Tena zipo sifa ambazo hata adui akizisikia anyamaze. Mwaka 2001 Limbaugh alianza kupoteza usikivu, na ndani ya miezi michache masikio yote mawili yakawa karibu kufa kabisa. Mfikirie mtangazaji wa kipindi cha simu ambaye hasikii simu. Hakuacha. Pembeni aliwekewa mtu wa kuandika kwa kasi kila neno la mpigaji, maneno yakapita kwenye skrini mbele yake, naye akayasoma na kujibu kana kwamba ameyasikia. Hata sauti yake mwenyewe hakuwa na uhakika nayo. Desemba mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa kuwekewa kifaa cha kusaidia kusikia, akaendelea hivyo hadi mwisho wa maisha.

Na mkono wake haukuwa wa birika. Kila mwaka alichangisha hewani fedha za utafiti wa saratani ya damu, naye akitoa zake. Mwaka 2007 maseneta 41 wa Democratic walipoandika barua ya kumlalamikia kwa kampuni iliyosambaza kipindi chake, aliichukua barua yenyewe akaipiga mnada kwenye eBay, soko la mtandaoni. Ikanunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 2.1, naye akaongeza kiasi hichohicho, fedha zikaenda kwenye mfuko unaosaidia watoto wa wanamaji na polisi waliouawa kazini. Ujanja, kejeli na sadaka kwa pigo moja. Nakiri nilicheka.

Wasikilizaji wake nao wasifanywe mazuzu. Walikuwa wenye maduka madogo, madereva wa malori, wakulima, wanawake waliokuwa wakipika chakula cha mchana, watu waliokuwa wakiona magazeti makubwa na televisheni za taifa zikiwazungumzia bila kuzungumza nao. Ghafla akatokea mtu anayesema kama wao na kuchekesha kuliko wao. Wengi hawakuanza kuamini mambo mapya kwa sababu yake. Waligundua tu kwamba hawako peke yao. Novemba 1994 chama cha Republican kiliposhinda Baraza la Wawakilishi baada ya kukaa nje miaka 40, wabunge wapya walimfanya mwanachama wa heshima wa kundi lao. Walijua nani aliwafikisha.

Hapo ndipo marafiki wengi huishia, na hapo ndipo ndugu wa marehemu anapotakiwa kusimama.

Katika miaka ya mwanzo alikuwa na kipengele cha kuwafanyia mzaha mashoga waliokuwa wakifa kwa UKIMWI. Alikiacha, na baadaye akasema anakijutia. Mwaka 2006 alimtuhumu mwigizaji Michael J. Fox, mgonjwa wa Parkinson, kwamba anazidisha kutetemeka mbele ya kamera. Mwaka 2012 mwanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Georgetown, Sandra Fluke, alizungumza mbele ya wabunge akitaka bima ya afya igharimie dawa za kuzuia mimba. Limbaugh akamwita malaya hewani, akarudia siku zilizofuata, mpaka wadhamini walipoanza kukimbia ndipo akaomba radhi kwa maandishi. Februari 2020 alisema virusi vya corona ni mafua ya kawaida.

Lakini deni linalonigusa mimi, na linalotugusa sisi wa ukanda huu, ni la Ijumaa ya tarehe 14 Oktoba 2011. Siku hiyo Rais Obama alitangaza kupeleka wanajeshi kama mia moja, washauri, kusaidia majeshi ya Uganda na majirani zake kumsaka Joseph Kony na kundi lake la waasi la Lord's Resistance Army (LRA). Limbaugh akaingia hewani na habari hiyo. Akawaambia mamilioni ya watu kwamba hao LRA ni Wakristo, kwamba wanapigana na Waislamu huko Sudan, na kwamba Obama ametuma askari kwenda kuwaua. Kwenye tovuti yake mazungumzo hayo yakapewa kichwa kinachosema Obama ameivamia Uganda na kuwalenga Wakristo.

Anayeijua kaskazini ya Uganda ajaribu kuisoma tena sentensi hiyo polepole. Oktoba 1996 watu wa Kony walivunja bweni la shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, wilaya ya Apac wakati huo, wakaondoka na wanafunzi 139. Mtawa wa Kiitaliano, Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akawaomba, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki. Wasichana wa shule ya Kikatoliki, na aliyewafuata ni mtawa: hao ndio Wakristo wa habari hii. Kundi hilo liliteka makumi ya maelfu ya watoto, likakata watu midomo na masikio, na Desemba 2009 likaua zaidi ya watu 300 katika vijiji vya Makombo, kaskazini mashariki mwa Kongo. Na kuhusu hao Waislamu wa Sudan, kwa miaka mingi silaha za Kony zilitoka Khartoum, kwa serikali ya Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo. Kila kitu kilikuwa kimegeuzwa miguu juu.

Kabla kipindi hakijaisha, inaonekana mtu alimfahamisha. Akauliza hewani kama kweli LRA wanatuhumiwa kuteka watoto, kutesa na kuua, akasema wao wamelisikia jambo hilo leo tu na watalifanyia utafiti. Leo tu! Sheria ya kuipokonya LRA silaha ilipita kwenye Bunge la Marekani kwa kura za vyama vyote viwili, Obama akaitia saini Mei 2010. Seneta Jim Inhofe wa Oklahoma, mhafidhina asiyetiliwa shaka na yeyote, alilazimika kusimama Seneti kumsahihisha. Msichana mmoja wa Uganda aliyetekwa na kundi hilo na kuharibiwa uso akiwa mateka alirekodi ujumbe wa video akimweleza, kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao, LRA ni watu gani.

Sidhani kama Limbaugh alimpenda Kony, hakuwa akimjua. Shida yenyewe ndiyo hiyo. Mashine yake ilikuwa na gia moja: Obama amefanya jambo, kwa hiyo jambo ni baya, kwa hiyo anayepigwa na Obama ni mtu wetu. Uganda iliingia ndani ya mashine hiyo ikatoka upande wa pili bila watu.

Utetezi wa marafiki hapa unajulikana: alikuwa mchekeshaji, mkichukua kila neno mtakufa kwa presha. Sisi tunajua utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutukanana mpaka mgeni akaita polisi, na mtani anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, watu wakacheka huku wakifuta machozi. Ila utani una sheria: yule unayemtania ana haki ya kukurudishia palepale, kwa uzito uleule. Mgonjwa wa UKIMWI wa mwaka 1990 hakuwa na redio. Aliyeshika swichi ya simu ni mmoja tu.

Upande wa pili nao wana lao. Siku ile ya Februari walijaa mitandaoni wakishangilia kifo, wengine wakitania saratani ya mvutaji sigara kubwa aliyepuuza madhara ya moshi. Walikuwa wakimlaumu mtu kwa kuwacheka wanaokufa, huku wakimcheka aliyekufa. Pia wanampa nguvu kuliko alizokuwa nazo, kana kwamba bila yeye mkulima wa jimbo la Missouri angelala mhafidhina akaamka mwanamageuzi. Hasira ilikuwepo kabla yake. Alichofanya ni kuifundisha kuzungumza, na kuionyesha kwamba kuchambua habari ni kazi ya hiari.

Mimi naona msiba wa rafiki na heshima ya dola, yaani ya serikali, ni vitu viwili. Golden ana haki ya kumlilia rafiki yake hadharani mpaka machozi yakauke, na asiulizwe. Dola inapoingia, hesabu inabadilika, kwa sababu dola inamheshimu mtu kwa niaba ya wote, pamoja na waliotukanwa. Missouri, alikozaliwa Limbaugh mwaka 1951 katika mji wa Cape Girardeau, ilitoa somo bila kukusudia. Mei 2012, miezi miwili na kitu baada ya lile tusi kwa Fluke, spika wa bunge la jimbo alizindua sanamu ya kichwa chake katika ukumbi wa Wamissouri mashuhuri. Sherehe ilifungiwa milango, kikaalikwa chama kimoja, polisi wakalinda, na baadaye sanamu ikawekewa kamera ya ulinzi. Mwaka huohuo ukumbi uleule ulimpokea Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani na kukataliwa mwaka 1857. Florida nayo, baada ya kifo, gavana Ron DeSantis alipoamuru bendera zipepee nusu mlingoti, mkuu wa kilimo wa jimbo, Nikki Fried, alikataa katika ofisi zake. Heshima inayohitaji kufungiwa mlango bado haijawa ya umma.

Jambo moja marafiki wanalisahau, na linawasaidia kuliko wanavyodhani: mengi ya madeni haya Limbaugh aliyataja mwenyewe. Oktoba 2003 alikiri hewani kwamba amekuwa mtumwa wa dawa za kutuliza maumivu, yeye aliyekuwa akitaka watumiaji wa dawa za kulevya wafungwe, akaenda kutibiwa, akarudi. Kipengele cha UKIMWI alikijutia. Fluke alimwomba radhi, japo kwa kusukumwa. Rafiki anayeyaruka hayo yote msibani anamnyima marehemu hata ushahidi kwamba aliwahi kuona haya.

Ningekuwa mimi ndiye rafiki niliyepewa dakika tano mbele ya jeneza, ningeanza na ile studio ya mwaka 2001, mtu kiziwi akisoma maneno ya wapigaji kwenye skrini na kuyajibu kwa utani. Ningetaja barua ya eBay, watu wacheke. Kisha ningefika Ijumaa ya Oktoba 2011, nikaitaja Aboke kwa jina, nikawageukia wenye msiba kabla sijakaa.