Bubu wa Ohio na Bubu wa kwetu Morogoro

Mtaani kwetu Morogoro palikuwa na fundi viatu, kibanda chake chini ya mwembe, tukimwita Bubu. Hapa Ohio, Marekani, nimemkumbuka kwa sababu ya fundi viatu mwingine.

William Hoy alizaliwa Houcktown mwaka 1862. Akiwa na miaka 3, homa ya uti wa mgongo ikamwacha kiziwi. Alisoma shule ya viziwi ya Columbus, akamaliza wa kwanza darasani, akarudi kijijini kutengeneza viatu. Kiangazi watu wa shamba walitembea peku, kazi ikadoda, naye akatoka nje kucheza besiboli na vijana. (Kwa asiyeujua mchezo huo, ni kama rede yenye rungu.) Mwaka 1888 akaingia ligi kuu na timu ya Washington, akawashinda wote kwa kuiba besi, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe: 82 msimu mmoja. Alisimama katikati kule nyuma kabisa, na siku moja ya Juni 1889 alirusha mpira kutoka huko akawatoa wakimbiaji 3 waliokaribia kufunga, mechi hiyohiyo moja.

Magazeti yalimwita "Dummy", neno ambalo kwao ni bubu na mpumbavu kwa pamoja. Ndiyo maana Watanzania wenzangu wa hapa wakianza ile hadithi ya Wazungu na utu wao kwa walemavu, nabisha. Utu gani? Hoy hakusikia uamuzi; akigeuka kumtazama mwamuzi, warushaji walimtupia mpira kabla hajakaa sawa. Kilichomwokoa ni utaratibu: mwenzake kando ya besi ya tatu alimwonyesha uamuzi kwa mikono, na huko nyuma akitoa kale kasauti kake kembamba, wote walijua mpira ni wake. Kabla ya hayo yote, kulikuwa na shule, iliyofunguliwa 1829.

Na Weldy Walker je? Mwana Ohio pia, mchezaji wa nyuma pia, masikio mazima. Alicheza mechi 5 na Toledo mwaka 1884, basi. Mlango wa ligi kuu ukafungwa kwa Weusi kama yeye hadi 1947. Mimi na ngozi yangu hii siwezi kusimulia ya Hoy nikaacha ya Walker.

Kwetu huruma haikukosekana. Fundi wetu hakuwahi kulala njaa, na harusi isingeanza bila yeye. Hapa jirani wa mlango wa pili simjui hata kwa lakabu. Lakini shule za viziwi zilikuwapo, Tabora, Buguruni, na hakuna aliyempeleka. Tulimlisha, tukaona yametosha.

Hoy alirusha mpira wa ufunguzi wa mojawapo ya mechi za fainali Cincinnati mwaka 1961, ana miaka 99, akafa Desemba hiyo.

Juzi nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, nikamwuliza yule fundi jina lake nani.

"Si Bubu?" akasema. "Jina gani tena, baba?"