Skyrim: gemu inayosikia miguu, isiyosikia mdomo

Ukikuta watu wanabishana kuhusu Skyrim, sikiliza vizuri: mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja. Anayeisifu atakusimulia jinsi alivyoacha barabara, akapanda mlima, akakuta pango, na kilichokuwa humo kikamkesha. Anayeiponda atakutajia mazungumzo makavu, hadithi isiyomjali mchezaji na vyeo vinavyogawiwa kama njugu. Wote wawili wanasema kweli. Waliotengeneza gemu hii walijua sana kumtembeza mchezaji, ila walizembea kumpa la kusema, na karibu kila sifa na kila lawama yake inatokea hapo.

Kwa ambaye hajaicheza: ni ya tano katika mfululizo mkuu wa The Elder Scrolls, kazi ya Bethesda Game Studios ya Marekani, na ilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Unaanza ukiwa mfungwa kwenye mkokoteni, unapelekwa Helgen kukatwa kichwa. Joka linashuka, mji unateketea, nawe unaponea hapo hapo. Baadaye inajulikana kwamba wewe ni Dragonborn, mtu anayemeza roho za majoka na kutumia maneno ya lugha yao kama silaha. Huku nyuma kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya majeshi ya Dola inayotawala nchi na waasi wa Ulfric Stormcloak. Mwaka 2023 mkurugenzi wa gemu, Todd Howard, alisema imeuza nakala zaidi ya milioni 60.

Nianze na uzuri, na nichukue kaburi moja tu, Bleak Falls Barrow, lililo mlimani juu ya kijiji cha Riverwood. Mwenye duka pale kijijini ameibiwa ukucha wa joka wa dhahabu. Ukiingia kaburini unamkuta mwizi, Arvel, amenasa kwenye utando wa buibui mkubwa. Anakubembeleza umkate, anaahidi kukuonyesha siri ya ukucha. Ukimfungua tu, anatimua mbio nao kuelekea ndani, na mara nyingi hafiki mbali: maiti wanaoamka makaburini humo wanammaliza. Daftari lake linadokeza kwamba jibu liko kiganjani. Mbele kuna mlango wenye pete tatu za kuzungushwa, kila pete na picha zake. Unafungua begi lako, unaushika ule ukucha, unaugeuza, na kwenye kiganja chake unaona dubu, nondo na bundi. Hakuna aliyekuhutubia. Tamaa ya mtu, hatari ya mahali na ufunguo wa mlango vyote umevipata kwa kwenda na kutazama.

Siasa zake nazo ni hivyo hivyo. Kwenye mazungumzo, Ulfric ni mpigania uhuru: Dola ilitia saini mkataba na Thalmor, watawala wa jamii ya Elf, ibada ya mungu Talos ikapigwa marufuku, naye amekataa. Hoja yake ina uzito. Lakini nenda kwenye mji wake, Windhelm. Ukipita lango tu unakuta wanaume wawili wa Kinord, wenyeji wa nchi, wamembana mwanamke wa jamii ya Dunmer, wanamwita jasusi wa Dola. Watu wa jamii yake wamerundikwa kwenye mtaa mchakavu unaoitwa Gray Quarter. Waargonia, watu wenye umbo la mjusi wanaopakua mizigo bandarini, hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta. Mtu aliyefika pale kwa miguu ana maswali ambayo aliyesikiliza hotuba peke yake hana.

Mfumo wa ustadi unakwenda na falsafa hiyo hiyo. Huchagui fani mwanzoni. Kuna stadi 18, na kila moja inapanda kadiri unavyoitumia. Pigana kwa upanga, mkono wako wa upanga unakomaa. Nyemelea, unakuwa mnyemeleaji. Wazo hili ni safi sana. Tatizo ni kwamba mizani yenyewe imepinda. Mshale unaopigwa kutoka gizani unaweza kufikisha madhara mara tatu, na kisu kikitumiwa kwa kunyemelea, mara 15, ilhali adui aliyechomwa mshale anazunguka kidogo, anaguna kwamba pengine hakuna kitu, anarudi kuketi na mshale ukiwa bado umemkaa kichwani. Ndiyo maana wachezaji wengi, hata walioapa kuwa wapiganaji wa shoka, wanaishia kuwa wapiga mishale wa kuvizia. Wachawi nao wamepunjwa. Ustadi wa kushambulia kwa uchawi ukipanda hauongezi makali ya mpira wa moto, unapunguza gharama yake tu, na nyongeza chache unazochagua zinaishia mapema. Dawa iliyopo ni kutia uchawi mavazi manne hadi gharama ifutike kabisa, na hapo unarusha moto bila kikomo na bila raha yoyote.

Mapigano ya ana kwa ana sitayatetea. Panga zinapita hewani bila uzito, na ukizidiwa unasimamisha gemu, unafungua begi, unakula jibini na kabichi zote ulizookota, kisha unaendelea kupigana ukiwa mzima. Mwaka 2011 hili lilivumilika. Leo, baada ya gemu za mapigano zinazopima kila pigo kwa sekunde, linachekesha.

Lakini udhaifu mkubwa uko mdomoni. Chuo cha wachawi cha Winterhold kinakupokea kwa kuonyesha uchawi mmoja langoni, na baada ya misheni chache unakuwa mkuu wa chuo, hata kama muda mwingi umekuwa ukipiga watu nyundo. Kisha nenda Whiterun ukaongoze kundi la wapiganaji, Riften ukaongoze wezi, na jioni ukawe bosi wa wauaji wa kukodiwa. Hakuna anayeuliza. Gemu ya Morrowind, ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka 2002, ilikunyima cheo kama stadi zako hazijatosha, na ukijiunga na ukoo mmoja mkubwa, koo nyingine zinakufungia mlango. Wapo wanaosema ule ukali ulifukuza wachezaji wa kawaida, na idadi ya mauzo ya Skyrim inawapa nguvu. Mimi naona cheo ambacho hakuna anayeweza kukikosa si zawadi.

Kuhusu ubora wa kiufundi nitapita haraka, maana kisa kinajulikana. Toleo la PlayStation 3 lilikuwa linakwama kadiri faili la kusevia lilivyonenepa, na nyongeza ya Dawnguard, iliyotoka Juni 2012 kwenye Xbox 360, ilifika PS3 Februari 2013. Kwenye kompyuta hali ilikuwa afadhali, tena kwa sababu mashabiki walitengeneza viraka, yaani marekebisho ya makosa, vyao wenyewe. Upande wa pili, uzee wake ni faida kwa mwenye laptop ya mtumba: toleo la 2011 liliomba RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 6 tu, wakati Special Edition, toleo lililoboreshwa la 2016, inataka GB 8 na GB 12. Hesabu bando lako kabla hujabofya.

Kiraka ninachokitazama zaidi si cha kiufundi. Katika hadithi kuu kuna joka mzee, Paarthurnax, mkuu wa watawa, anayeishi kileleni, ameacha ukatili wake wa zamani, na ndiye anayekusaidia kumkabili Alduin, joka adui mkuu wa hadithi. Delphine, kiongozi wa Blades, kundi la zamani lililokuwa likiwalinda Dragonborn, anakutaka umuue, la sivyo hatakusaidia tena. Hoja za pande zote mbili zina mashiko; huenda hili ndilo swali zito kuliko yote kwenye gemu. Wewe ni Dragonborn, ambaye Delphine ameapa kukutumikia, ila hupewi hata sentensi moja inayoweza kumbadilisha msimamo. Unaua, au unaondoka na kumwacha akisubiri milele, misheni ikining'inia kwenye orodha. Hata kukataa kunafanywa kwa miguu. Mashabiki waliandika modi, yaani nyongeza isiyo rasmi, inayomruhusu mchezaji kumfanya aliache agizo hilo, na watu wakaipakua kwa wingi. Bethesda imeiuza upya gemu hii mwaka 2016 na tena 2021, na kila mara Delphine alirudi na agizo lake lile lile, mchezaji naye bila neno la kumbadilisha.